Kusuka Nondo za Kobeli: Mwongozo kwa Majengo ya Maruku na Wilaya za Bukoba na Muleba

Kobeli ni mkono mfupi wa zege lenye nondo unaotoka ubavuni mwa nguzo au ukuta ili kupokea mzigo wa boriti, wa slabu ya ngazi au wa reli ya winchi ya kiwandani, na ufupi huo ndio unaoitenga na boriti ya kawaida iliyoshikwa upande mmoja. Kanuni za usanifu za BS 8110, ambazo wahandisi wengi wa Tanzania wamezisomea na ambazo Uingereza iliziondoa mwaka 2010 ili kuipisha Eurocode 2, zinaitambua kobeli kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni umbali wa mzigo, yaani nafasi iliyopo kati ya uso wa nguzo na mstari ambao mzigo unashukia, nao haupaswi kuzidi kina cha kazi, ambacho ni kipimo cha kutoka katikati ya nondo kuu za juu hadi chini ya kobeli mahali inapoungana na nguzo. Cha pili ni kina cha kobeli kwenye ukingo wa nje wa bamba linalopokea mzigo, ambacho hakipaswi kupungua nusu ya kina cha mzizini. Mkono unaovuka mipaka hiyo usanifiwe kama boriti, na maelezo yanayofuata hayauhusu.

Mahitaji ya kobeli katika Maruku na maeneo jirani ya mkoa wa Kagera yanatokana na aina ya majengo yanayojengwa sasa: maghala ya kahawa yenye sakafu ya kati, viwanda vidogo vya kukoboa vinavyohitaji winchi ya kunyanyulia magunia na mitambo, madarasa ya ghorofa yanayojengwa kwa vipande na kuachiwa pengo la kupumulia kati ya kipande na kipande, na ngazi za nje zinazokaa kwenye nguzo zilizokwisha kusimamishwa. Katika yote hayo kobeli ni kiungo kidogo kinachobeba mzigo mkubwa. Ikishindwa haitoi onyo refu kama boriti ndefu inayopinda kwanza, bali hupasuka mshazari na kuachia.

Tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliua watu zaidi ya 15 mkoani Kagera na kuharibu maelfu ya nyumba, na shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo ilikuwa katika kuta za matofali zisizofungwa kwa mikanda ya zege wala kushikwa na nguzo, si katika kobeli. Hata hivyo, kwa msanifu wa kobeli tukio hilo lina maana moja isiyokwepeka: ardhi ya Kagera inaweza kuisukuma boriti kwenda mbele na nyuma juu ya kiti chake, kwa hiyo mchoro unaochukulia kwamba mzigo wa kobeli ni wa kushuka tu haufai kutumika huku. Nguvu ya mlalo iwemo katika hesabu tangu mwanzo, na urefu wa kiti utosheleze mwendo wa boriti bila kuiacha idondoke.

Jinsi mzigo unavyopita

Kobeli hueleweka vizuri zaidi ikitazamwa kama pembetatu ya nguvu kuliko ikitazamwa kama boriti. Mzigo unaposhuka juu ya bamba hugawanyika njia mbili. Njia moja ni ya mkandamizo, yaani nguvu ya kubana, ambayo hupita mshazari ndani ya zege kutoka chini ya bamba hadi mzizini upande wa chini, na mwongozo huu utaiita tegemeo mshazari. Njia ya pili ni ya mvutano, yaani nguvu ya kuvuta, ambayo hukimbia mlalo karibu na uso wa juu kutoka chini ya bamba hadi ndani ya nguzo, na hii ndiyo kazi ya nondo kuu. Zege hubeba mkandamizo kwa ukarimu lakini mvutano hulipasua mapema, hivyo uhai wa pembetatu nzima unategemea nondo hizo za juu, na uhai wa nondo hizo unategemea ncha zake mbili. Eurocode 2 inataka mwinuko wa tegemeo mshazari uwe kati ya 1 na 2.5, maana yake ni kwamba kwa kila milimita moja ya kwenda mlalo tegemeo lishuke kati ya milimita 1 na 2.5.

Katika boriti ndefu mvutano hupungua taratibu kuelekea nchani, na fundi akikosea kidogo kwenye ncha ya nondo madhara yake huwa madogo. Katika kobeli mvutano karibu haupungui: nondo inavutwa kwa nguvu ileile tangu uso wa nguzo hadi chini ya bamba, kisha ndani ya milimita chache zilizobaki kabla ya pua ya kobeli lazima iwe imeshikwa kikamilifu. Makosa mengi ya kusuka kobeli yanapatikana katika milimita hizo, nayo ndiyo yanayostahili sehemu kubwa ya muda wa msanifu na msimamizi.

Mfano wa hesabu

Ichukuliwe nguzo ya ghala yenye upana wa milimita 300 kwa 300, inayotoa kobeli yenye upana uleule wa milimita 300, kina cha milimita 400 mzizini na 200 kwenye pua, ikitokeza milimita 300 kutoka uso wa nguzo. Zege ni lile ambalo kipande chake cha mchemraba hubeba newtoni 25 kwa milimita ya mraba baada ya siku 28, na nondo ni za nguvu ya newtoni 460 kwa milimita ya mraba. Boriti inaleta mzigo wa kilonewtoni 180, sawa na uzito wa takribani tani 18, na kiasi hicho tayari kimeshaongezewa vizidisho vya usalama. Mzigo unashukia milimita 150 kutoka uso wa nguzo.

Nguvu ya mlalo inakadiriwa kwanza. Kanuni za Marekani za ACI 318 hutaka isipungue sehemu 0.2 ya mzigo wa kushuka, ili kufidia kusinyaa kwa zege na msuguano hata pale ambapo hakuna aliyeihesabu, na kiwango hicho ni cha chini kinachofaa kuheshimiwa Kagera hata na anayetumia kanuni nyingine. Hapa ni kilonewtoni 36. Hesabu ya tetemeko la jengo zima ikitoa nguvu kubwa zaidi, hiyo kubwa ndiyo itumike.

Kwa sababu zitakazoonekana chini, nondo kuu zitapangwa katika safu mbili, moja juu ya nyingine, na kwa kava ya milimita 40, yaani unene wa zege unaoifunika nondo, kina cha kazi kinakuwa karibu milimita 335. Kimo cha pembetatu ya nguvu hukadiriwa kuwa sehemu 0.8 ya kina hicho, yaani milimita 268. Kwa kuwa tegemeo mshazari halitui kwenye uso wa nguzo bali ndani kidogo, umbali wa mzigo huongezwa milimita 30 na kuwa 180, na mwinuko wa tegemeo unakuwa 268 kugawanywa kwa 180, yaani karibu 1.5, ambao uko ndani ya mipaka. Mvutano unaotokana na mzigo wa kushuka ni 180 mara 180 kugawanywa kwa 268, ambao ni kilonewtoni 121. Nguvu ya mlalo ya kilonewtoni 36, kwa kuwa inavuta juu ya kobeli milimita 65 hivi juu ya katikati ya nondo, huongezeka hadi karibu 45. Jumla ni kilonewtoni 166, na nondo ikiruhusiwa kubeba newtoni 400 kwa milimita ya mraba, eneo linalohitajika ni milimita za mraba 414. BS 8110 huongeza sharti kwamba mvutano unaobebwa na nondo kuu usihesabiwe chini ya nusu ya mzigo wa kushuka, ambayo hapa ni 90, kwa hiyo sharti hilo limetimia.

Nondo za milimita 12, zile ambazo mafundi huziita nondo za nusu, zikipita nne hutoa eneo la milimita za mraba 452, na hizo zinatosha. Zinatosha ikiwa kweli ni za milimita 12. Nondo iliyopungua hadi milimita 11, ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na nzima, hutoa 380 tu kwa nondo nne, na kobeli iliyosanifiwa vizuri inaingia kazini ikiwa tayari na deni. Njia ya kuitambua haihitaji maabara: nondo nzima ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzito wa karibu kilo 10.7, ile ya 16 karibu kilo 19, na mizani ya kupimia kahawa iliyopo karibu kila kijiji cha Bukoba na Muleba inaweza kupima mzigo wa nondo kabla haujapokelewa. Msimamizi apime kifurushi, agawanye kwa idadi, na akatae kinachopungua kupita uvumilivu ulioandikwa katika kiwango cha Shirika la Viwango Tanzania.

Ncha ya mbele

Kuna namna mbili zinazokubalika za kuishika nondo kuu kwenye pua ya kobeli. Ya kwanza ni kukunja nondo iwe kitanzi kilicholala mlalo, yaani nondo moja inatoka ndani ya nguzo, inafika mbele, inazunguka na kurudi nguzoni, hivyo kitanzi kimoja huhesabika kuwa miguu miwili ya mvutano. Ya pili ni kuchomelea ncha za nondo kwenye nondo nyingine iliyolazwa kukatiza mbele, yenye nguvu isiyopungua ya nondo kuu. Namna ya tatu, ambayo huonekana sana kwenye majengo, ni kuikunja nondo kuu kuelekea chini kwenye pua kama inavyokunjwa nondo ya juu ya boriti. Hiyo huacha kona ya mbele ya kobeli bila chuma, kwa sababu mkunjo huanza kushuka mapema kabla ya kufika pembeni, na bamba likikaa karibu na kona hiyo zege humeguka kipande na kuteremka pamoja na mzigo. Michoro yenye mkunjo wa namna hiyo irudishwe kwa aliyeichora.

Kwa nondo za milimita 16 kushuka chini kitanzi ndicho kinachofaa, na kwa mazingira ya Maruku ndicho kinachopendekezwa hapa bila kusita, kwa kuwa kinahitaji meza ya kupindia tu na jicho lililo makini. Nondo ya milimita 12 isipindwe kwa kuzungushwa kwenye msumari au nondo nyembamba, bali kwenye kipini chenye kipenyo kisichopungua mara nne ya nondo, yaani milimita 48, maana mpindo mkali hupasua ngozi ya chuma na kulisaga zege lililo ndani ya kona. Kutokana na mpindo huo, sehemu iliyonyooka ya kitanzi huishia milimita 76 kutoka usoni mwa pua: 40 za kava, 12 za nondo yenyewe na 24 za nusu ya kipini. BS 8110 inaagiza kwamba bamba la mzigo lisivuke sehemu hiyo iliyonyooka. Katika mfano huu bamba lenye urefu wa milimita 120, likiwa katikati ya umbali wa mzigo wa 150, huishia milimita 210 kutoka nguzoni, na kobeli ikitokeza 300 hubaki milimita 90 mbele yake, ambazo zinatosha. Hapa ndipo urefu wa kobeli unapopatikana, kwa kuanza na bamba, kuongeza mpindo na kava, kisha kuchora pua. Anayeanza na urefu uliopendeza kwenye mchoro wa mbunifu majengo na kuzibana nondo ndani yake hukuta bamba limekalia mpindo.

Kuchomelea kunahitaji tahadhari ya aina nyingine. Chuma chenye kaboni nyingi huwa kigumu na kuvunjika kirahisi pembeni mwa mchomeleo kikipoa haraka, kwa hiyo nondo ichomelewe pale tu ambapo cheti cha kiwanda kinaonyesha kwamba aina hiyo inachomeleka. Uhusiano wa kaboni na ugumu wa chuma una historia ndefu katika ardhi hii hii: uchimbuaji wa kiakiolojia wa Katuruka, katika eneo la Maruku, ulionyesha uyeyushaji wa chuma wa zama za kale, na watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika mwaka 1978 kwamba matanuri ya kale ya Buhaya, yaani eneo la Wahaya, yaliweza kutoa chuma chenye kaboni. Waliofua chuma hicho waliijua tabia yake kwa kukitengeneza wenyewe, ilhali fundi wa leo hupokea nondo asiyojua imetoka tanuri gani, na ndiyo sababu cheti kisipokuwepo kitanzi kichukue nafasi ya mchomeleo.

Ncha ya nyuma na msongamano wa nguzo

Upande wa nguzo nondo kuu ipite hadi uso wa mbali, ndani ya nondo za wima za upande huo, kisha ikunjwe kuelekea chini. Urefu wa kushikiza, yaani urefu wa nondo uliozama katika zege ambao unatosha kuizuia isichomoke, huhesabiwa kutoka nondo za wima za uso wa karibu, si kutoka ukingo wa zege. Nguzo ya milimita 300 hutoa mlalo wa chini ya milimita 200 tu, na kwa nondo ya 12 katika zege hili urefu unaohitajika ni karibu mara 40 ya kipenyo, yaani milimita 480, kwa hiyo mkia wa kushuka uachwe milimita 300. Fundi atakayeikata nondo ikiishia katikati ya nguzo kwa sababu ya kubana nafasi atakuwa ameiondoa kobeli nguzoni, hata kama sehemu inayoonekana nje imesukwa vizuri.

Ugumu halisi uko kwenye msongamano, nao hutatuliwa mezani kabla ya kufika kwenye kiunzi. Nguzo hii ina kava ya milimita 40, ringi za 8 na nondo za wima za 16 kwenye kona. Nafasi iliyo wazi kati ya nondo mbili za kona ni 300 kutoa mara mbili ya jumla ya 40, 8 na 16, yaani milimita 172. Kitanzi kilichochorwa kwa kufuata upana wa kobeli peke yake kingekuwa na upana wa 220, na kingegonga nondo za kona za nguzo pande zote mbili. Fundi aliyekwisha kukipinda angebaki na njia mbili, kukibana kwa nguvu hadi kipoteze umbo au kuzisogeza nondo za nguzo, na zote ni mbaya. Kwa hiyo vitanzi vya kobeli hii vina upana wa nje wa milimita 165. Kuviweka viwili katika safu moja, kimoja ndani ya kingine, kunawezekana kwa vipimo lakini huacha nafasi finyu ya zege kupita, na ndiyo sababu vimepangwa safu mbili zenye mwanya wa milimita 25 kati yake, ambao kokoto ya milimita 20 huupita. Mkia wa safu ya chini uingie ndani ya mkia wa safu ya juu ili visigongane vinaposhuka.

Bamba nalo lifuate upana huo. Likiwa la milimita 120 kwa 160 hubana zege kwa newtoni 9.4 kwa milimita ya mraba, chini ya 10 ambazo ni sehemu 0.4 ya nguvu ya zege, kiwango cha BS 8110 kwa kiti kikavu kisicho na udongo wa saruji kati yake. Bamba pana kuliko vitanzi halileti faida, kwani mzigo unaoangukia nje ya nondo hauna wa kuubeba.

Ringi za mlalo

Chini ya nondo kuu huwekwa ringi zilizofungwa zinazolala mlalo, ambazo kazi yake ni kuzuia ufa mshazari usifunguke na kuufanya mwisho wa kobeli, ukitokea, uwe wa polepole. BS 8110 inataka eneo lake lisipungue nusu ya eneo la nondo kuu na zienee katika theluthi mbili za juu za kina cha kazi. Eurocode 2 inaridhika na robo pale ambapo umbali wa mzigo ni chini ya nusu ya kina, na unapozidi hapo huanza kudai ringi za wima. Kwa mkoa uliokwisha kutikiswa, nusu ndiyo ichukuliwe. Hapa nusu ni milimita za mraba 226, na ringi tatu za milimita 8, kila moja ikiwa na miguu miwili, hutoa 302.

Ringi hizi hazilingani urefu, na jambo hilo husahaulika katika ratiba ya nondo, ambayo ni jedwali linaloonyesha umbo, urefu na idadi ya kila nondo ya kukatwa. Tumbo la kobeli linapanda kwa mteremko kuelekea pua, hivyo ringi ya juu, iliyo milimita 138 kutoka uso wa juu, hutokeza milimita 260 kamili, ya pili, iliyo kwenye 203, hutokeza karibu 215, na ya tatu, kwenye 268, hutokeza karibu 120 tu. Ratiba ikiandika ringi tatu za umbo moja, ya chini itatoboa zege au fundi ataipinda juu na kuiacha ikielea. Kwa upande wa nyuma zote zizungushwe nje ya nondo za wima za uso wa mbali wa nguzo. Upana wa nje wa milimita 220 unazipokea sawasawa. Ringi za nguzo yenyewe zisikatishwe kupisha kobeli, bali ziendelee na kusogezwa karibu zaidi, kama kila milimita 100, kuanzia chini ya mzizi hadi juu ya nondo kuu.

Nguzo isisahauliwe katika hesabu. Mzigo wa kilonewtoni 180 ulioko milimita 300 kutoka katikati yake huipinda kwa kilonewtoni-mita 54, kiasi kikubwa kwa nguzo ya ukubwa huu, na huenda nondo zake za wima zikahitaji kuongezwa kabla ya kobeli kufikiriwa. Kobeli zikiwa mbili, pande zote za nguzo na zenye mizigo inayokaribiana, tatizo hilo hupungua na nondo kuu hupita moja kwa moja kutoka pua hadi pua.

Kiti cha boriti na pengo la majengo

Mahali ambapo kobeli ya kipande kimoja cha jengo inapokea boriti ya kipande kingine, vipande viwili hivyo hutikisika kila kimoja kwa mwendo wake, na pengo kati yake hupanuka na kufumba. Penye nafasi na fedha za kutosha, kila kipande kipewe nguzo zake na kobeli iachwe kabisa. Isipowezekana, urefu wa kiti uwe jumla ya bamba, mwendo uliohesabiwa wa vipande vyote viwili, na nafasi ya makosa ya ujenzi, ambayo kwa uaminifu haiwezi kuwa chini ya milimita 20 katika ujenzi wa mikono. Upande mmoja wa boriti ushikwe kwa pini ya chuma iliyozama ndani ya kobeli, na nondo za boriti zinazoipokea nguvu ya mlalo ziungane na pini hiyo. Upande wa pili pini iingie kwenye tundu refu linaloruhusu boriti kuteleza bila kutoka. Boriti isikae moja kwa moja juu ya zege, kwa kuwa ukingo wake utaibana pua ya kobeli pindi boriti inapopinda. Pedi ya mpira au bamba lililorudishwa nyuma ya ukingo huuweka mzigo mahali ulipohesabiwa.

Kumimina na kukagua

Nguzo imiminwe hadi chini kidogo ya mzizi, kisha kobeli pamoja na kipande cha nguzo kinachoibeba vimiminwe kwa mkupuo mmoja, kamwe si kobeli baada ya nguzo. Uwiano wa ndoo 1 ya saruji, 1.5 ya mchanga na 3 za kokoto ndio unaotumika kwa kawaida kulenga zege la mfano huu, lakini vipande vya majaribio ndivyo vinavyothibitisha, na maji yapimwe kwa sababu mchanga wa Bukoba, mji unaopata mvua ya karibu milimita 2000 kwa mwaka, mara nyingi hufika ukiwa umelowa tayari. Biskuti za zege, vile vipande vidogo vinavyoinua nondo kutoka kwenye mbao, ziwekwe hadi kwenye pua na kwenye tumbo la mteremko, na zifungwe kwa waya ili zisiteleze. Kichwa cha vaibreta kiwe chembamba cha kuingia ndani ya kitanzi, na fundi aone zege limefika chini ya safu ya pili kabla ya kuendelea. Umwagiliaji usipungue siku saba, na boriti isiwekwe mpaka vipande vya majaribio vionyeshe nguvu iliyokusudiwa.

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi akague nondo kabla ya mbao za upande kufungwa, kwa futi mkononi, akipima mambo manne: umbali wa mpindo hadi pua, urefu wa mkia ndani ya nguzo, idadi na urefu wa ringi, na alama ya mahali bamba litakapokaa. Picha zipigwe na kutunzwa, kwani kobeli ikishamiminwa haina njia rahisi ya kuonyesha kilichomo.

Kwa kobeli zilizopo, ukaguzi ufanyike baada ya kila mtikisiko unaohisiwa. Ufa wa wima unaoanzia juu kwenye maungio na nguzo unaonyesha kwamba nondo kuu zinavutwa kupita kiasi au zimeanza kuteleza. Ufa wa mshazari kutoka ukingo wa ndani wa bamba kwenda mzizini unahusu tegemeo mshazari na ringi. Kumeguka kwa pua kunaonyesha bamba lililokaa mbele mno au nondo iliyokunjwa kushuka. Dalili yoyote kati ya hizo ikionekana, boriti itegemezwe kwanza kwa nguzo za muda zinazokaa kwenye ardhi imara, karibu na kobeli lakini si chini yake, ndipo mhandisi aitwe kupima na kuamua kati ya kuifunga nguzo kwa kiti cha chuma kilichopigwa boliti za kupita upande hadi upande na kuibomoa kobeli ili isukwe upya pamoja na kipande cha nguzo inayoibeba.